Picha Iliyonyeshewa Ndani ya Nyumba

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili kaninunulia mume wangu. Kasema malalamiko ya kazini niyaandike humu, yeye apate kusikiliza taarifa ya habari kwa amani. Haya, nimeanza.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Nilipofika makumbusho nilimkuta Daktari tayari anapanga mabeseni kwenye ghala la picha. Daktari hatibu watu. Ni fundi wetu wa kutengeneza picha zilizochakaa, na jina hilo tulimpa kwa sababu ya koti lake jeupe na tabia yake ya kuziambia picha pole. Beseni la bluu chini ya dirisha, la kijani juu ya rafu za nyuma, ndoo mbili katikati. Paa linavuja palepale panapovuja kila mwaka, nasi tumelizoea kama mtu alivyozoea jino bovu.

Mchana Mkurugenzi, mama wa makamo, akatuita ofisini kwake. Hafla ya kuchangisha fedha itakuwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili, na mfadhili atakayetuzwa mwaka huu ni Mzee Godoro. Wafanyakazi ndio tuliompa jina hilo, kwa kuwa utajiri wake umetoka kwenye kiwanda cha magodoro. Kazi yangu hasa ni kuandika maelezo mafupi yanayobandikwa kando ya picha, lakini hafla ikikaribia nageuzwa mwandishi wa sifa. Nitakwenda kumhoji mzee, nitaandika ukurasa wa kumpamba, Mkurugenzi atausoma jukwaani, watu watapiga makofi, na mzee atatoa kuliko alivyokusudia. Huwa hatumtuzi mtu kwa kuwa ametusaidia sana. Tunamtuza tukiona anaanza kutusahau.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Nguo za mama mkwe wangu hazikauki, naye ananinunia kana kwamba mawingu nayafuga mimi.

Jumanne, 12 Machi

Leo Mzee Godoro alikuja na wajumbe wawili wa bodi kukagua ukumbi. Tulifanya kama tunavyofanya siku zote wakija wafadhili: tulificha mabeseni. Yote yanaingia chini ya ngazi, sakafu inapigwa deki, madirisha yanafunguliwa harufu ya unyevu itoke. Daktari huimba akifanya kazi hiyo, na wimbo wake una maneno yaleyale miaka yote: funika kombe mwanaharamu apite. Mkurugenzi husema mfadhili akiona tunavuja atadhani fedha zake za nyuma tulizila.

Mzee alitembea polepole kwa fimbo yake. Mlangoni mwa ukumbi mkubwa alisimama mbele ya kibao cha shaba chenye jina lake, akakisugua kwa kidole gumba. Mimi na Daktari tukatazamana. Matajiri bwana, nikawaza, hata wakikaribia kaburi wanakagua kama jina limeandikwa vizuri.

Alipokuwa anaondoka akamuuliza Mkurugenzi, "Na ile picha ya mke wangu mmeiweka salama?"

"Salama kabisa, mzee wangu. Iko ghalani, pazuri kuliko hata sisi wenyewe."

"Ahsante," akasema. "Ndicho nilichotaka kusikia."

Kumbe huuliza kila mwaka. Sikujua kwamba mke wake alikuwa na picha kwetu.

Walipoondoka wingu likapasuka. Kila mtu alikimbilia nyumbani kabla njia hazijajaa maji.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua mchana kutwa. Nimeandika sentensi tatu za sifa na zote zina neno "mkarimu". Nimezifuta.

Jumatano, 20 Machi

Nilikwenda kwa Mzee Godoro kumhoji. Nilitegemea geti refu na mbwa wakali. Nikakuta nyumba ya kawaida, sebule yenye makochi yaliyobonyea, na kwenye kona cherehani ya kushonea magodoro, kubwa kama ndama, imepakwa mafuta inang'aa.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Najua mnaniita Godoro. Usishtuke. Nusu ya mji huu imelala juu yangu na sijalalamika."

Nilicheka, nikaona haya, nikafungua daftari. Nilimuuliza alianzaje kupenda sanaa. Akasema hakuipenda sanaa, alimpenda mchoraji. Mke wake alikuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya msingi. Jioni alichora uani, na yeye mume alishona magodoro ukumbini. Wateja walikuja, wakaziangalia picha zilizotundikwa, wakasema maashallah, halafu wakauliza bei ya godoro.

"Hakuuza hata moja?"

"Hata moja. Na hakuacha."

Nyumba yao ya zamani ilikuwa bondeni, kuta zake zinanyonya maji kama sponji. Mke alipougua, na picha nazo zikaanza kuugua. Nyingine ziliota ukungu, nyingine rangi zilibanduka. Mke alipofariki ilikuwa imebaki moja, ile kubwa kuliko zote. Mzee akaibeba kwa mkokoteni wa magodoro mpaka makumbusho, kwa sababu ndilo jengo lenye kuta nene alilolijua. Wakubwa wa wakati huo wakasema mchoraji hana jina, hawawezi kuitundika, labda kuihifadhi ghalani.

"Nikawaambia sitaki itundikwe. Iwekeni pakavu tu. Na nikajiambia, hawa watu nitawafadhili maisha yangu yote, ilimradi wamweke mke wangu pakavu."

Nikauliza kuhusu kile kibao cha shaba. Akasema pale mlangoni jina lake liko juu, na la mkewe liko chini yake kwa herufi ndogo, aliambiwa nafasi haikutosha. Akija hulisugua lile la chini lisishike kutu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimenywea. Miaka yote hii nimemcheka mzee wa watu.

Alhamisi, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimwomba Daktari anitafutie ile picha, niione kabla sijaiandika. Alikwenda kwenye rafu za nyuma huku anapiga mluzi. Mluzi ukakatika. Nilimkuta amechuchumaa, mkono wake mdomoni.

Beseni la kijani halikuwapo. Lilikuwa bado chini ya ngazi, tangu siku ile ya wageni. Daktari alidhani nimelirudisha mimi, mimi nilidhani mlinzi, mlinzi alidhani Daktari. Maji tuliyomficha mzee yalikuwa yanadondoka siku zote hizo juu ya picha ya mke wake.

Tuliitoa tukaiegemeza mezani. Ni uani. Mwanamke ameupa mgongo ukumbi wa nyumba, mikono juu, anaanika shuka kwenye kamba ndefu, na upepo unazivuta shuka zote upande mmoja. Weupe wa zile shuka una buluu ndani yake, na manjano kidogo pale jua linapopita. Sikutegemea itakuwa nzuri hivyo. Miaka yote nimeandika maelezo ya picha zilizotundikwa ambazo hazifiki hata nusu ya hii.

Kutoka kona ya juu ya kulia kuna doa la kahawia limeteremka mpaka katikati ya shuka. Chini, pale ambapo miguu ya yule mwanamke ilikuwa imekanyaga nyasi, rangi imevimba na kubanduka. Miguu haipo.

"Unaweza kuitengeneza?" nikauliza.

"Naweza kuizuia isiharibike zaidi. Miguu naweza kuichora." Alifikiri kidogo. "Lakini itakuwa miguu yangu mimi. Si yake."

Akavua koti lake jeupe akaifunika nalo, sijui kwa nini, maana picha ilikuwa imeshalowa.

Jumatano, 27 Machi

Tumemwambia Mkurugenzi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alikaa kitini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Baada ya hafla tutamwambia," akasema. "Nitamwambia mimi mwenyewe."

"Mzee anatuzwa kwa sababu ya picha hiyo, Mama," nikasema.

"Mzee anatuzwa ili watu mlipwe Juni. Na paa litengenezwe, ikibaki."

"Tungemwomba fedha za paa tangu zamani."

"Tumeomba kwa wangapi? Mtu anataka jina lake kwenye ukumbi, kwenye ngazi, hata kwenye benchi. Kwenye paa litasomwa na nani? Njiwa?"



Jumatano, 3 Aprili

Mvua na upepo. Mama mkwe aliona sili vizuri akanibana jikoni mpaka nikamwambia yote. Aliendelea kuchambua mchele kimya, nikadhani hajasikia.

"Kwa hiyo nyinyi mna kidonda," hatimaye akasema, "na kila akija mwenye dawa mnavaa suruali ndefu."

"Si mimi, mama. Ni utaratibu wa kazini."

"Mficha uchi hazai. Huo nao ni utaratibu."

Mume wangu akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu, 8 Aprili

Nilirudi kwa mzee kumsomea nilichoandika. Alisikiliza hadi mwisho, akasema ni kizuri ila mtu huyo anayesifiwa hamjui. Kisha akaniambia ana ombi moja, hajawahi kuliomba kabla. Siku ya hafla anataka ile picha itundikwe ukumbini, jioni hiyo moja tu, halafu tuirudishe ghalani.

"Yuko salama, siyo?" akauliza. Akasema "yuko". Si "iko".

Nikajibu, "Yuko salama, mzee."

Nimeandika hapa kwa sababu sitaki kusahau sura yake aliponiamini. Alifurahi mpaka akainuka kunisindikiza bila fimbo. Nilitembea hadi nyumbani kwenye mvua mwavuli ukiwa mkononi, nimeufunga. Nina haya. Sina neno lingine.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkurugenzi amepata njia ya kutimiza ombi la mzee. Picha ilipopokelewa zamani ilipigwa kwa kamera nzuri. Kiwanda cha uchapaji kitaichapa kwenye kitambaa kwa ukubwa uleule, Daktari ataipaka vanishi, itatundikwa juu kidogo na taa zitapunguzwa. Mzee macho yake si ya jana.

Daktari alikataa. Mkurugenzi akamwambia basi amtafutie njia nyingine kabla ya Jumamosi ya hafla. Daktari hakuwa nayo.

"Ni kwa jioni moja," Mkurugenzi akasema, na nilisikia anajiambia mwenyewe.

Jumanne, 16 Aprili

Nakala imeletwa. Wafanyakazi wote walikuja kuitazama na wote wakaisifu. Shuka zake ni nyeupe kuliko za kweli. Katibu muhtasi akasema ingefaa kwa kalenda.

Mwanamke yule ana miguu yote miwili. Nilishindwa kumtazama.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua haijakatika siku nzima. Mabeseni yanamwagwa asubuhi, mchana na jioni. Sasa kila mmoja wetu analikagua lile la kijani, hata wahasibu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini tunazoa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimewasilisha ukurasa wa sifa. Nilieleza cherehani, mkokoteni, mwalimu wa kuchora aliyechora jioni. Kuhusu picha yenyewe niliandika tu kwamba mzee aliileta kwetu. Mkurugenzi aliurudisha ameongeza kwa kalamu yake: "na tangu siku hiyo imekuwa katika mikono salama."

Nilikwenda kumwomba aifute sentensi hiyo. Alikuwa anapanga nani akae na nani, vikaratasi vya majina vimemzunguka. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema bila kuniangalia, "Dada, unadhani mimi nalala?"

Nikatoka. Zamani ningesema ana moyo wa jiwe. Leo naona ni mtu aliyebebeshwa nyumba nzima inayovuja, na mikono yake ni miwili.

Lakini sentensi imebaki.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimemwambia.

Sikupanga. Nilitumwa nimpelekee kadi yake ya mezani na kumweleza atashuka wapi kwenye gari. Nilimkuta amepiga pasi suti, ameitundika kwenye cherehani, na mezani ameweka karatasi yenye maneno ya shukrani ambayo alikuwa anayakariri. Aliniomba nimsikilize. Akaanza: "Nawashukuru nyinyi mliomtunza mke wangu kuliko nilivyoweza mimi."

"Mzee," nikasema, "hatukumtunza."

Nikamweleza yote, paa, mabeseni, ngazi, beseni la kijani lililosahauliwa siku aliyotutembelea, nakala iliyochapwa. Sikujitetea, ila nilipofika kwenye nakala ilinibidi nianze upya. Yeye alikaa ameshika karatasi yake. Mvua ilikuwa inapiga nje.

"Shuka zote?" akauliza.

"Nusu yake. Na miguu."

"Miguu alihangaika nayo sana. Alisema miguu inamshinda." Akakunja karatasi ikawa ndogo, akaikunja tena. "Unajua mvua ikianza watu hufanya nini, mwanangu? Huanua. Hata kama ni nguo za jirani, ukimwona hayupo, unamwanulia. Nyinyi mlificha beseni."

"Ndiyo, mzee."

"Mlinificha mimi. Mimi niliyeishi bondeni. Mngesema paa linavuja ningekuja na mafundi wa kiwanda changu wiki hiyohiyo. Kiwanda sasa nimewaachia watoto, sina sauti tena. Lakini miaka yote ile! Mlidhani nataka nini kwenu? Kibao?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini ndicho tulichodhani, mimi wa kwanza.

Aliniambia niende, na kesho nimngoje mlango wa nyuma saa moja kabla ya wageni. Hakuniaga. Nimefika nyumbani nimemwambia mume wangu kwamba huenda kuanzia Jumatatu nitakuwa mama wa nyumbani. Akazima redio. Hiyo peke yake ilinifanya nilie.

Jumapili, 28 Aprili

Jana.

Alikuja amevaa suti na viatu vya mvua. Nilimpeleka ghalani. Daktari alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani na kuilaza picha juu yake, naye amesimama pembeni mikono nyuma kama mtu aliye msibani. Mzee aliinama. Alifuata lile doa kwa kidole bila kugusa, kutoka juu mpaka linapoishia. Kwenye nafasi ya miguu alikaa sana.

Akamwambia Daktari, "Wewe ndiye uliyeifunika kwa koti?" Nilikuwa nimemweleza. Daktari akaitikia kwa kichwa. "Ahsante." Basi. Akatoka akaenda kukaa mezani kwake, mbele kabisa.

Ukumbi ulikuwa umependeza, siwezi kukana. Vitambaa, maua, wapiga muziki, wanawake wamevaa wakavalika. Nakala ilining'inia ukutani chini ya taa hafifu na watu walikuwa wanaisogelea na kusema "oo". Nje mvua ilikuwa inanyesha kwa hasira. Mkurugenzi alipanda jukwaani akasoma ukurasa wangu. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye mikono salama alisita, nadhani mimi tu ndiye niliyegundua, kisha akaisoma.

Makofi. Mzee akapanda kwa fimbo yake, akapokea tuzo, akaiweka sakafuni.

"Kaeni," akasema. "Sitawachelewesha, chakula kitapoa. Ile picha ukutani si ya mke wangu. Ni nzuri, lakini si yake." Watu wakageuka kuitazama. "Ya kwake iko ghalani. Namwomba fundi na huyu binti aliyeandika sifa zangu wakailete."

Sikumtazama Mkurugenzi. Mimi na Daktari tulikwenda, tukaibeba, yeye upande wa juu mimi wa chini, tukapita nayo katikati ya meza. Watu walisogeza viti. Nilisikia mtu akiuliza, "Imemwagikiwa na nini?" Tuliisimamisha jukwaani, chini ya taa zote.

"Huyu ndiye mke wangu," mzee akasema. "Alianika nguo zake akawaamini watu. Amenyeshewa ndani ya nyumba hii, si bondeni kwetu. Sisemi ili wenyeji wetu waaibike. Wamefanya kazi nzuri kwa miaka mingi, na nusu ya kazi hiyo ilikuwa kutuficha mabeseni. Waliona sisi wafadhili ni watu wa kuonyeshwa ukumbi tu. Na sisi tukakubali kuonyeshwa ukumbi. Mimi nilikuwa naulizia picha mlangoni, naambiwa salama, naenda zangu. Hata siku moja sikusema twende nikaione. Nilikuwa naogopa kumwona." Akaiegemea fimbo yake. "Kwa hiyo kosa tumegawana. Ila mimi leo sitoi. Leo nimekuja kuchukua."

Akashuka. Hakuna aliyepiga makofi, hata mmoja.

Mama mmoja wa meza ya pili, yule mwenye maduka ya vitambaa ambaye kila mwaka hulalamikia kiti chake, akasimama na kuuliza kwa sauti, "Sasa hilo paa linavujia wapi? Tuonyesheni." Nikamwona Mkurugenzi anasimama. Nilidhani atakimbia. Badala yake akasema, "Njooni," akawatangulia. Wakamfuata, suti na magauni, wakajaa ghalani wanaruka mabeseni kwa viatu virefu, na mmoja akapiga ndoo teke ikamwagika yote. Waliotoa jana walitolea paa. Wengine walitoa kwa huruma, wengine kwa sababu mwenzao ametoa, na wote walikuwa wamelowa viatu.

Wakati huo mzee alikuwa ameshaondoka. Dereva wake alikuja na lori dogo la kiwanda. Picha tuliilaza juu ya godoro jipya, tukaifunika kwa turubai, Daktari akakaa nyuma nayo kuishika. Nilimuuliza mzee tufanye nini na ile ya ukutani.

"Ile ni yenu," akasema.

Jumatatu, 6 Mei

Sijafukuzwa. Mkurugenzi aliniita, tukakaa, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Usiku ule ndio wa kwanza kulala tangu Machi." Akanipa faili la ukumbi mwingine, akaniambia maelezo yake yamejaa makosa.

Jumatatu, 20 Mei

Mafundi wako juu ya paa wanagonga tangu asubuhi. Vumbi linatudondokea badala ya maji. Daktari anasema ni maendeleo.

Jumamosi, 1 Juni

Jua. Nguo za mama mkwe zimekauka, sasa analalamika zimepauka.

Mkurugenzi alinituma kwa mzee. Nilikwenda na moyo mzito, lakini alinipokea, "Karibu, mwanangu," kama mwanzo. Picha ameitundika sebuleni, mbali na ukuta wa nje, chini yake ameweka kiti cha ile cherehani. Hakuifunika wala hakuigeuza doa lisionekane. Mchana lile doa linaonekana kuliko lilivyoonekana jukwaani, na shuka zile nyingine, zilizopona, ni nyeupe mpaka zinauma macho. Tulikaa tunaitazama. Akanieleza kwamba kamba ile ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya jirani, na jirani alikuwa mkali.

Nilikunywa chai yote kabla sijathubutu kusema nilichotumwa. Nikamwambia paa linakaribia kwisha, kwamba bodi imeamua picha ya mke wake itundikwe ukumbi mkubwa, si ghalani, moja kwa moja, jina lake kwa herufi kubwa. Nikamwambia ile nakala tumeiteremsha.

"Paa likikamilika, mzee, utaturudishia?"

Hakukasirika. Alilifikiria ombi kweli, nilimwona. Alitazama nje kwenye anga lisilo na wingu, akamtazama mke wake.

"Kwanza mvua ya mwakani inyeshe," akasema.